Nacheza mpira kila Jumapili, mbona mafuta yamejaa kwenye damu?

BARUA

Daktari, salaam.

Mimi ni mwanaume wa miaka 46, dereva wa daladala ya Mbagala–Kariakoo. Natoka nyumbani saa 10 alfajiri, nalaza gari saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Jumapili gari namwachia deiwaka, mimi naenda uwanjani. Tuna timu yetu ya maveterani, nacheza beki wa kulia, na sikosi Jumapili labda niwe nimefiwa. Tunaanza saa 12 na nusu asubuhi, dakika tisini kamili kama vijana. Mpira ukiisha tunakwenda kwa mama wa supu. Bakuli kubwa la supu ya ng'ombe, mafuta yanaelea juu, chapati mbili, soda baridi. Tumeishi hivyo mwaka wa sita sasa.

Mwezi uliopita tulikuwa na bonanza, timu nne. Baada ya supu wakaja wahudumu wa afya kupima bure: presha, sukari, mafuta. Ilikuwa kama saa 5. Wakanitoboa kidole. Presha 138 kwa 86, sukari wakasema haina neno. Lakini yale mafuta wanayoita trigliseraidi yalisoma 3.4. Kijana aliyenipima akasema ni mara mbili ya inavyotakiwa, mpira niuache kabla sijaanguka uwanjani.

Daktari, nilirudi nyumbani miguu haina nguvu. Baba yangu alianguka shambani akiwa na miaka 52 na hakuamka. Wakasema ni moyo. Nilipomsimulia wifi yako hakusema neno, ila kesho yake nikatafuta njumu zangu sikuziona. Amezificha, na hataki tulizungumze.

Wenzangu kila mtu na lake. Mmoja anasema ukishatoka jasho lile, mafuta yametoka, kipimo ndicho kibovu. Mwingine ameniletea maji ya limao na kitunguu swaumu ninywe kila asubuhi. Mimi nauliza hivi: kama mpira hauyeyushi mafuta, Jumapili zote hizi nimekuwa nafanya nini? Supu niinywe kabla ya mechi ili niichezee, au baada kama tulivyozoea? Na je, kweli niache?

Beki wa kulia, Temeke

JIBU

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale kwa baba yako. Nitafika huko, maana kwangu ndipo penye uzito kuliko hiyo 3.4. Ila namba yenyewe huwezi kuielewa mpaka tuangalie muda uliokula na muda uliotobolewa kidole.

Mpira uliisha kama saa 2 na nusu, supu ukaimaliza karibu saa 3, ukapimwa saa 5. Trigliseraidi ndiyo mafuta yenyewe tunayokula, ya supu, ya chapati, ya tui la nazi. Mtu yeyote akila mlo wenye mafuta mengi, hata kijana mwembamba anayekimbia kila siku, mafuta hayo yatapanda kwenye damu yake. Kwa kawaida hufika kileleni muda wa saa tatu au nne baada ya kula, kisha hushuka taratibu na kurudi yalipokuwa baada ya saa sita hadi nane hivi. Wewe ulipimwa mafuta yakiwa bado njiani kupanda. Kijana yule alikulinganisha na kiwango cha mtu aliyelala na njaa, ambacho ni chini ya 1.7. Kwa mtu aliyekula mlo wa kawaida, wataalamu wa Ulaya walikubaliana mwaka 2016 kwamba mstari uwe 2.0. Na bakuli lile la supu yenye mafuta yanayoelea si mlo wa kawaida.

Hata hivyo sisemi kipimo kile ukitupe. Kwa miaka mingi sisi madaktari tulipima watu wakiwa wamefunga tu, tukasahau kwamba binadamu hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ameshiba. Unakunywa chai, kabla haijaisha kazi yake unakula mchana, na kabla cha mchana hakijaisha kazi yake unakula usiku. Mwaka 2007 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya karibu watu 14,000 wa jiji la Copenhagen waliofuatiliwa tangu miaka ya 1970. Waliokutwa na trigliseraidi nyingi wakiwa hawajafunga ndio walioshikwa zaidi na mshtuko wa moyo miaka iliyofuata. Kwa hiyo namna damu yako inavyoyabeba mafuta baada ya kula ni jambo la kuangaliwa kwa haki yake, na hapo ndipo mpira wako unapoingia.

Mafuta ya supu yakifika utumbo mwembamba huvunjwavunjwa, kisha ukuta wa utumbo huyafunga upya katika vifurushi vidogo mno vinavyoitwa kailomikroni. Vifurushi hivi haviendi kwanza kwenye ini kama inavyokwenda sukari. Vinapita kwenye mishipa ya limfu, vinapanda kifuani, na kumwagwa kwenye damu karibu na shingo, upande wa kushoto. Vikiwa vingi, damu ikitulia kwenye kichupa cha maabara, ile sehemu ya maji juu yake huonekana nyeupe kama maziwa. Watu wa maabara wanaiona mara kwa mara na wanajua mtu huyu ametoka kula.

Sasa vifurushi lazima vishushwe. Wewe unaijua Kariakoo: lori likifika bila makuli, mzigo unakaa barabarani na njia inaziba. Kwenye kuta za mishipa midogo ya damu inayopita ndani ya misuli kuna kimeng'enya kinachoitwa lipoprotini lipasi, na hao ndio makuli wenyewe. Wanafungua kifurushi, wanatoa mafuta, misuli inayachukua na kuyachoma au kuyahifadhi. Misuli inayofanya kazi ina makuli wengi. Misuli iliyokaa tu huwapunguza, na mapaja yako, yenye baadhi ya misuli mikubwa zaidi mwilini, yamekaa kwenye kiti cha dereva siku sita kati ya saba.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ambalo ningependa timu yako nzima ilisikie, ni kwamba makuli hawaji filimbi ya mwisho inapolia. Misuli huanza kuwatengeneza baada ya mazoezi, na idadi yao huongezeka saa kadhaa baadaye, mpaka siku ya pili. Ndiyo maana katika majaribio mengi mtu hufanyishwa mazoezi jioni, halafu analishwa mlo wa mafuta kesho yake asubuhi. Mtu aliyetembea kwa haraka saa moja na nusu jana yake, mafuta kwenye damu yake hupanda pungufu kwa takriban robo kuliko siku ambayo hakufanya kitu. Ini nalo huwa linatoa mafuta machache zaidi kwenye damu.

Kwa hiyo mpira wa Jumapili unaisaidia chai ya Jumatatu kuliko unavyoisaidia supu ya Jumapili. Supu ile inapata msaada kidogo tu, kwa kuwa inakuta makuli hawajafika. Tena kuna jambo lingine: sehemu kubwa ya faida hii inatokana na upungufu ambao mazoezi yanauacha mwilini, yaani nguvu uliyoitoa na bado hujairudisha. Ukirudisha yote papo hapo kwa bakuli, chapati mbili na soda, faida inapungua sana. Soda nayo isikudanganye kwa kuwa haina mafuta. Sukari ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta yaleyale ya trigliseraidi. Bia hali kadhalika, ingawa hukuitaja.

Umeuliza kama supu uinywe kabla ya mechi ili uichezee. Hapana, kaka. Mafuta ya supu ya saa 12 yatakuwa bado yanasafiri kutoka tumboni wakati wewe unakimbizana na winga, na tumbo zito litakuchosha bure. Unachochoma uwanjani ni kile ulichokiweka akiba jana na juzi. Na yule anayesema mafuta yanatoka na jasho, mweleze kwa upole kwamba jasho ni maji na chumvi. Mafuta yakichomwa hubaki hewa na maji, na sehemu kubwa hutoka puani na mdomoni unapohema.

Nije kwenye tatizo lako hasa. Makuli walioitwa na mpira wa Jumapili hawakai wiki nzima. Wakimbiaji wazoefu walipoambiwa waache mazoezi, ndani ya siku mbili hadi tatu tu mafuta yao baada ya kula yalipanda juu wazi. Miaka yao yote ya kukimbia haikuwalinda kwa upande huu. Ikifika Jumatano mchana, ukila wali maharage na samaki wa kukaanga pale kituoni, mwili wako kwa habari ya mafuta ni kama wa mtu asiyecheza kabisa. Ndiyo sababu unacheza kwa bidii na bado vipimo vinasumbua. Jumapili zako hazikupotea. Zinafanya kazi Jumapili na Jumatatu, kisha zinaishiwa.

Na kazi yako inazidisha. Huko London, daktari aitwaye Jerry Morris alichapisha mwaka 1953 uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Makonda, waliokuwa wanapanda na kushuka ngazi kutwa nzima kukata tiketi, walipata ugonjwa wa moyo pungufu kuliko madereva waliokaa. Baadaye yeye mwenyewe alionyesha kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi, kwa kupima sare zao za kazi, kwa hiyo kukaa peke yake hakuelezi kila kitu. Lakini jambo lile halijafutika mpaka leo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walifanya kitu kinachonihuzunisha kila nikifikiria madereva wetu. Waliwakalisha vijana wenye afya siku nne, zaidi ya saa 13 kila siku, kisha wakawakimbiza saa moja. Kesho yake wakawalisha mlo wa mafuta. Yale mazoezi hayakuleta nafuu yoyote kwenye mafuta ya damu. Mwili uliokaa mno ulikuwa umekataa kuitika.

Hebu hesabu saa zako: kuanzia saa 10 alfajiri mpaka saa 3 usiku.

Sikuambii uache kazi. Nakuambia ushuke kwenye gari. Katika Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliwapa watu matembezi ya haraka ya dakika tatu tatu, mara kumi katika siku moja, wakawalinganisha na waliotembea dakika 30 mfululizo. Kesho yake mafuta baada ya kula yalipungua sawasawa kwa wote. Hii kwako ni habari njema kuliko dawa yoyote ya limao. Ukifika Rangi Tatu kule Mbagala unasubiri zamu, wapiga debe wanaita abiria, wewe umekaa kwenye usukani unaangalia simu. Shuka. Zunguka kituo kwa mwendo wa mtu aliyechelewa, mpaka uhisi pumzi inaongezeka, dakika tatu, nne, rudi. Ukifika Kariakoo fanya vilevile. Kwa siku moja unazo trip za kutosha kufika mara kumi. Konda wako atacheka siku mbili za kwanza, ya tatu atazoea. Na pale unapolaza gari, kama nyumbani si mbali na njia ni salama, usichukue bodaboda.

Pamoja na hayo, tafuta siku moja katikati ya wiki, Jumatano au Alhamisi, mpe deiwaka nusu siku, ucheze au ukimbie na klabu ya jogging ya mtaani kwako. Peter Krustrup na Jens Bangsbo, wakiwa Chuo Kikuu cha Copenhagen, ndio waliofuatilia sana faida za mpira wa kujifurahisha kwa watu wazima, na walichokuta ni kizuri: presha inashuka, mafuta ya mwili yanapungua, ile lehemu (kolesteroli) mbaya inapungua. Ila watu wao walicheza mara mbili hadi tatu kwa wiki, kama saa moja, kwenye viwanja vidogo vya watu wachache kila upande. Dakika tisini za vita mara moja kwa wiki, mwili ukiwa umelala siku sita, sizipendi kwa umri wenu. Gaweni: dakika 60 Jumapili, dakika 40 Jumatano. Mtapata zaidi kwa jasho lilelile.

Supu usiiache. Najua kinachonyweka pale si mchuzi peke yake. Ni kukaa pamoja, kuhesabu magoli yaliyokataliwa, kuulizana hali. Mwombe mama wa supu akuchotee chini, aengue yale mafuta ya juu. Chukua nyama isiyo na mafuta, chapati moja badala ya mbili, au ndizi za kuchemsha, na maji badala ya soda. Akiwa na supu ya samaki, hiyo ni bora zaidi. Maji ya limao na kitunguu swaumu ukiyapenda kunywa, kunywa, lakini hayaoshi mafuta kwenye damu, na usiyategemee ukaacha vipimo.

Sasa baba yako. Mzazi wa kiume aliyefariki kwa moyo kabla ya miaka 55 tunamhesabu kama alama ya hatari kwa mtoto wake, hata kama mtoto ana nguvu kama wewe. Kwa hiyo wifi hakukosea kuogopa. Kwa wiki mbili zijazo acha mechi, endelea na kutembea tu, na uende hospitali ya wilaya au ya mkoa ukafanye mambo haya. Pima presha siku mbili au tatu tofauti, umekaa na kutulia, maana 138 kwa 86 iko karibu na mstari na ilichukuliwa siku ya purukushani. Fanya kipimo cha umeme wa moyo na umweleze daktari habari ya baba yako waziwazi. Pima sukari ukiwa umefunga, au ile ya wastani wa miezi mitatu, kwa kuwa trigliseraidi nyingi na kisukari mara nyingi hutembea pamoja. Na mafuta yote yapimwe upya, pamoja na lehemu nzuri na mbaya.

Kipimo cha mafuta nenda Jumamosi asubuhi, umekula mara ya mwisho saa 2 usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo, maji tu baada ya hapo, na bila bia siku mbili kabla. Usiende siku moja baada ya kucheza, kwa sababu mpira utaipendezesha namba na hatutaona damu yako ya siku za kazi ikoje. Ikisoma chini ya 1.7, basi tatizo lilikuwa supu na saa ya kipimo. Ikiwa juu ya hapo lakini chini ya 5.6, daktari ataangalia picha nzima, presha, sukari, lehemu na historia ya baba, ndipo aamue kama kutembea na chakula vinatosha au unahitaji vidonge. Ikivuka 5.6, usingoje wiki, rudi kwake haraka, kwa sababu huko juu, hasa ikipita 10, kongosho linaweza kuvimba, na maumivu yake si ya kusimuliwa.

Na siku yoyote, uwanjani au kwenye usukani, ukihisi kifua kinabanwa, pumzi inakatika kuliko kazi unayofanya, au giza linakuja machoni, simama hapohapo, uende hospitali siku hiyohiyo. Usimalize kipindi kwanza.

Barua hii msomee wifi, hasa hapo kwa baba yako, halafu mwombe mwende naye kupima. Akisikia mwenyewe kwa daktari kwamba moyo uko sawa, njumu atazitoa. Majibu yakitoka niandikie namba zote, pamoja na muda uliokula.